Leza mpya kwenye kompyuta ya mizani: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tanga

Ghala ni la mkonge, nje kidogo ya mji wa Tanga upande wa barabara ya Pongwe, na getini pana mizani ya magari. Lori hupimwa mara mbili, tupu kisha likiwa na mzigo, na tiketi inayotoka hubeba namba tatu: uzito wote, uzito wa gari tupu na uzito wa mzigo. Robota moja la mkonge ni kama kilo 250, kwa hiyo lori lenye robota 100 limebeba tani 25, na malipo yote yanafuata namba hizo. Tiketi hutoka nakala tatu kwa mpigo mmoja kwenye karatasi za kaboni: ya dereva, ya ghala na ya hesabu. Bila tiketi geti halifunguliwi.

Kompyuta ya mizani ni Pentium 4 yenye Windows XP ya biti 32. Programu yake ni ya enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Inasoma uzito kutoka kwenye kisanduku cha mizani kupitia poti ya COM1, na inachapa kupitia LPT1, ile poti pana ya matundu 25 nyuma ya kompyuta. Kati ya poti hiyo na waya wa printa pamechomekwa kifunguo cha leseni, kidude cha plastiki chenye pini 25 upande mmoja na matundu 25 upande wa pili. Programu hukitafuta kila inapowashwa, isipokiona inagoma. Kifunguo hiki kikumbukwe, kwa sababu ndicho kilichoamua nusu ya kisa.

Printa ilikuwa ya pini tisa, ya utepe. Ikaanza kuacha mstari mweupe katikati ya herufi mpaka 8 ikawa inafanana na 0, na kwenye tiketi ya uzito hilo si jambo la kufumbia macho. Mwenye ghala akanunua printa mpya ya leza, ndogo, ya bei ya chini, yenye tundu la USB peke yake. Dukani hakuna aliyemuuliza inakwenda kuunganishwa na nini.

Kwanza, je, ya zamani imekufa kweli?

Swali hili lilipaswa kuja kabla ya kununua, lakini hata baadaye lina maana. Printa nyingi za pini za Epson hujijaribu zenyewe: zima, weka karatasi, shikilia kitufe cha kusogeza mstari huku unawasha, nayo itachapa herufi zake bila kuhitaji kompyuta. Mstari mweupe ukionekana hapo pia, kompyuta na waya havihusiki. Ulionekana. Utepe mpya haukubadilisha kitu. Kichwa kikafutwa na spiriti ya isopropili, maana vumbi la mkonge likichanganyika na wino hugeuka gundi na pini hukwama ndani ya matundu yake; pini mbili zikabaki kimya. Kichwa kipya cha printa ya umri ule ni shida kukipata, na kikipatikana, mashine nzima imekwisha chakaa roli na gia. Uamuzi wa kuistaafisha ulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mrithi.

Waya wa kwanza, na kwa nini hauwezi kamwe

Jaribio la kwanza la karibu kila mtu ni kutafuta waya wenye USB upande mmoja na LPT upande wa pili. Upo, unauzwa, na hapa ulinunuliwa. Lakini waya huo umetengenezwa kwa safari ya kinyume: kompyuta mpya isiyo na LPT kwenda kwenye printa ya zamani. Ndani ya kichwa chake cha plastiki mna chipu inayojitambulisha kwa kompyuta kama kifaa cha USB, kisha inatoa data upande wa LPT.

Katika USB lazima pawepo mwenyeji mmoja anayeanzisha mazungumzo, na mwenyeji ni kompyuta. Leza ni kifaa, inasubiri kuulizwa. Chipu ya waya nayo ni kifaa, inasubiri kuulizwa. Ukiziunganisha zinakuwa kama wazee wawili barazani, kila mmoja anangoja shikamoo ya mwenzake. Hakuna draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa, itakayotibu hilo. Kibadilishi cha vichwa tu, kile kisicho na chipu ndani, ni kibaya zaidi, kwa kuwa kinaunganisha nyaya za umeme wa aina mbili tofauti na kinaweza kuua poti.

Na ionywe hapa hapa: LPT haichomekwi wala kuchomolewa kompyuta ikiwa inawaka. Watu wamezoea USB, wanachomoa tu. Poti ya LPT ya kompyuta za zamani imo kwenye ubao mkuu wenyewe, ikiungua hakuna cha kubadilisha kirahisi. Zima vyote viwili, unganisha, washa printa kwanza, kisha kompyuta.

USB ya kompyuta yenyewe

Pentium 4 ina matundu ya USB, na XP inaijua USB vizuri. Leza ikachomekwa moja kwa moja. XP ikaona kwamba kuna kifaa kipya, ikaomba draiva, na hapo ndipo ikaishia: diski iliyokuja na printa inaanzia Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na watengenezaji wa printa hawana sababu ya kuiandikia draiva leo.

Kwa printa nyingine hili si mwisho wa safari. XP imekuja na mamia ya draiva ndani yake, na printa mpya inayojua PCL, lugha ya amri za printa, inaweza kudanganywa kwa kupewa draiva ya HP LaserJet 4, mashine ya mwaka 1992. Utakosa mapambo, kama kuchapa pande mbili, lakini maandishi yatatoka. Tatizo la leza hii lilikuwa la ndani zaidi. Ni printa tegemezi: haina fonti, haina lugha ya ukurasa, haijui A ni nini. Draiva iliyo ndani ya kompyuta huchora ukurasa mzima kama picha ya nukta, huibana kwa namna ya mtengenezaji mwenyewe, kisha humwaga nukta kwenye printa. Ndiyo maana ni ya bei ya chini, akili yote imeachwa kwa kompyuta. Bila draiva yake halisi ni sanduku lenye tona.

Kwa hiyo kuna mambo matatu tofauti, na watu huyachanganya kuwa moja. La kwanza ni njia: LPT, USB au mtandao. La pili ni lugha: ESC/P ya printa za pini, PCL au PostScript za leza zenye akili, au nukta za printa tegemezi. La tatu ni nani anayeandika lugha hiyo: programu yenyewe, kama za DOS zinavyofanya, au draiva ya Windows. Programu ya mizani inaandika ESC/P yenyewe na kuisukuma LPT1. Hata XP ingepata draiva kamili ya leza ile, na Notepad ikachapa vizuri, programu ya DOS isingechapa, kwa sababu haijui kwamba draiva ipo. Hapa ndipo mafundi wengi hupoteza siku nzima: ukurasa wa majaribio wa Windows unatoka safi, basi kazi imekwisha, kumbe haijaanza.

Njia ya muda: tiketi kwenda kwenye faili

Malori hayasubiri, kwa hiyo kabla ya ufumbuzi wa kudumu ikawekwa njia ya kutoa tiketi kwa kutumia kompyuta ya ofisi ya hesabu yenye Windows 10, ambako leza mpya ilifungwa na kufanya kazi bila ubishi. Inafaa kuielezea kikamilifu maana inasaidia popote penye programu ya DOS.

Kwenye XP ongeza printa ya ndani, uzuie Windows isiitafute yenyewe. Kwenye ukurasa wa poti chagua kuunda poti mpya ya aina ya Local Port, na badala ya jina la poti andika njia ya faili:

C:\TIKETI\TIKETI.TXT

Draiva chagua Generic / Text Only. Kisha ishirikishe kwa jina fupi lisilo na nafasi, TIKETI kwa mfano. Kama kompyuta inaitwa MIZANI, amri ni hii:

net use lpt1 \\MIZANI\TIKETI /persistent:yes

Kuanzia hapo kila kinachotumwa LPT1 kinaangukia kwenye faili. Jaribu kwa kuandika echo jaribio > lpt1, halafu fungua faili. Kuiondoa ni net use lpt1 /delete.

Mitego iko mitatu. Amri ya net use inahitaji mtandao uwe hai, na kompyuta ya mizani haikuwa na mtandao wowote. Waya wa mtandao usipochomekwa, XP inauona mtandao umekufa na kuikataa amri. Dawa ni kusakinisha Microsoft Loopback Adapter kupitia Add Hardware, kadi ya mtandao ya kufikirika tu, na kuipa anwani kama 192.168.50.1. Mtego wa pili ni subira: XP haijui programu ya DOS imemaliza kuchapa lini, kwa hiyo hungoja kimya cha sekunde 15 kabla ya kuachilia kazi. Karani asiyejua hili hubonyeza kuchapa mara nne. Wa tatu ni kwamba kila tiketi mpya inaifuta ya kabla yake kwenye faili. Inakiliwe kwenye flashi na kuchapwa kabla lori linalofuata halijapanda mizani.

Kwenye kompyuta ya hesabu faili hufunguliwa kwa Notepad, fonti Courier New ili safu zikae sawa, nakala tatu. Kwa nini flashi, si kushirikisha kwa mtandao? XP inajua SMB, njia ya Windows ya kushirikisha faili, ya toleo la kwanza peke yake, na Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017 haiweki tena SMB hiyo isipokuwa uiwashe mwenyewe. Kuiwasha kunawezekana, ila ndiyo mlango uliopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017. Kwa ofisi yenye hesabu za watu, flashi na miguu ni afadhali.

Mtandaoni kuna ushauri maarufu wa kuizima LPT1 kwenye BIOS, mpangilio wa msingi wa kompyuta kabla ya Windows, ili amri ya net use isigombane na poti halisi. Ulifuatwa hapa. Programu ya mizani ikakataa kuwaka kabisa, kwa sababu kifunguo cha leseni kiko kwenye poti hiyo hiyo. Poti ikarudishwa. Kwa mtumiaji mwenye haki za msimamizi amri inafanya kazi hata poti ikiwepo: uchapaji unageuzwa njia, na draiva ya kifunguo inaendelea kuongea na poti halisi kama kawaida.

Alama ya mshangao

Ofisi ya hesabu ilikuwa pia na leza nyingine, ya zamani kidogo, ya mtandao, inayojua PCL. Wazo likawa kuwabadilishia: hesabu wachukue mpya, mizani wapewe hii. Ilifungwa kwa kebo ya mtandao, XP ikaundiwa Standard TCP/IP Port kwa anwani ya printa, ambayo hupokea kwenye mlango 9100, ikapewa draiva ya LaserJet 4, ikashirikishwa kwa jina LEZA, na LPT1 ikaelekezwa huko.

Ikachapa. "Fundi, hebu njoo," akaita dada wa mizani, "karatasi ya kwanza ina alama ya mshangao peke yake." Ya pili ilikuwa na jina la ghala, namba ya gari na uzito mbili za kwanza, mstari mmoja ukiwa umekatwa upande wa kulia. Ya tatu ilikuwa na uzito wa mzigo tu, juu kabisa kushoto.

Leza haikuwa mbovu. Faili la tiketi likafunguliwa kwa DEBUG, programu ya kuonyesha baiti za faili, ambayo imo ndani ya XP ya biti 32, kwa amri debug tiketi.txt kisha herufi d. Baiti za mwanzo, zikiandikwa kwa heksadesimali, zilikuwa hizi (1B, yaani 27 kwa desimali, huiambia printa kwamba kinachofuata ni amri):

1B 40 1B 43 21 1B 45

Kwa ESC/P maana yake ni: anza upya (1B 40), urefu wa ukurasa ni mistari 33 (1B 43, kisha 21 ambayo kwa desimali ni 33), yaani inchi 5 na nusu kwa mistari sita ya inchi, washa herufi nzito (1B 45). Sasa zisome kama PCL. 1B 40 haipo, inarukwa. 1B 43 haipo, inarukwa pia, lakini 21 iliyobaki nyuma ni herufi halali: alama ya mshangao. Ikachapwa. Kisha 1B 45. Kwa PCL hiyo ni amri ya kuanza upya, na leza ikianza upya huku ukurasa una kitu, hutoa ukurasa huo kwanza. Karatasi ikatoka na mshangao wake. Programu inaandika uzito wa mzigo kwa herufi nzito, kwa hiyo 1B 45 ilirudi pale, na karatasi ikatoka tena.

Mstari uliokatwa una herufi 120. Programu hutuma 0F kabla yake ili printa ya pini ibane herufi. PCL inaipokea 0F kama amri ya kuchagua fonti ya kwanza, ambayo tayari ndiyo inayotumika, basi hakuna kinachobana. Kwa herufi kumi za inchi, A4 inachukua karibu herufi 78, zilizobaki zinadondoka nje ya ukingo bila onyo. Kwenye tiketi zilizobaki ndizo zenye namba ya hati ya mzigo.

Bahati nzuri programu nyingi za aina hii hazikufunga misimbo ndani. Huwa na faili dogo la mpangilio ambamo misimbo ya printa imeandikwa kwa desimali, na hii ilikuwa nalo. Misimbo ilibadilishwa hivi, baada ya kunakili faili la awali pembeni:

Kuanza: 27,64,27,67,33 ikawa 27,69,27,38,108,50,54,65,27,38,108,51,88
Herufi nzito: 27,69 ikawa 27,40,115,51,66
Kuacha nzito: 27,70 ikawa 27,40,115,48,66
Kubana: 15 ikawa 27,38,107,50,83
Kuacha kubana: 18 ikawa 27,38,107,48,83

Mstari wa kwanza unafanya mambo matatu: unaanza upya, unachagua A4 (hiyo 50,54 ni 26, namba ya A4 kwa PCL), na unaomba nakala tatu. Baiti ya mwisho ya tiketi, 12, ni kutoa ukurasa, na lugha zote mbili zinaielewa sawa. Programu isiyoituma huiacha leza na taa inayometa huku data imekaa tumboni, kwa sababu leza haichapi mstari kwa mstari bali hungoja ukurasa ukamilike. Na kama maandishi yanashuka kama ngazi kuelekea kulia, programu inatuma kushuka mstari bila kurudi mwanzo. Ongeza 27,38,107,50,71 kwenye kuanza.

Tiketi ikatoka safi, tatu tatu. Kiufundi kesi ilikuwa imekwisha. Na bado jibu hili lilikataliwa.

Kwa nini leza ilirudishwa ofisini

Sababu kubwa ni kaboni. Kwenye seti ya kaboni dereva anasaini mara moja na saini inashuka nakala zote tatu, na namba za nakala zote zimepigwa na pini zilezile kwa dakika ileile. Mzozo wa tani ukitokea, nakala zinawekwa pamoja na kulinganishwa. Leza haina pigo, inatoa karatasi tatu zinazojitegemea, na hakuna kinachomzuia mtu kutoa ya nne jioni. Mwenye ghala alipoelezwa hilo hakuhitaji maelezo mengine. Kupitisha seti za kaboni ndani ya leza si ujanja pia: moto wa kukaanga tona unakaribia nyuzi 200 za Selsiasi, na seti ya kawaida hujikunja, hupauka au kukwama.

Kuna na umeme. Leza inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Ikichomekwa kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta, UPS hulia na kuzima, na umeme ukikatika katikati ya kupima unapoteza kipimo pia. Leza ichomekwe ukutani, kamwe isiingie kwenye UPS. Printa ya pini inatumia wati chache na inakaa kwenye UPS bila tabu. Halafu nyuzi za mkonge: feni ya leza inazivuta ndani, na kibanda cha mizani hakina mlango unaofungwa mchana kutwa.

Njia mbili nyingine zilifikiriwa. Ya kwanza ni kuhamishia programu kwenye kompyuta mpya. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 kabisa, na Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo lazima upitie kiigizi kama DOSBox-X. Kiigizi hicho kina printa ya pini ya kuigiza ndani yake: kinapokea ESC/P, kinachora ukurasa, kinaukabidhi kwa draiva ya Windows, na hapo hata leza tegemezi inachapa. Kwa duka lenye programu ya stoo ya DOS isiyo na kifunguo, hii ndiyo njia ningeipendekeza kabla ya nyingine zote. Kwenye mizani, kifunguo cha LPT na usomaji wa COM1 viliifanya iwe kamari.

Ya pili ni kuweka kompyuta ndogo ya Linux, Raspberry Pi inatosha, yenye CUPS, programu ya kusimamia uchapaji. XP inaitumia kama printa ya PostScript kwa anwani ya IPP kwenye mlango 631, na CUPS inatafsiri kwenda lugha ya leza, mradi leza ina draiva ya Linux. Inafanya kazi vizuri kwa Word na Excel za XP. Tiketi ya DOS bado ingebaki na misimbo yake ya ESC/P, na ghala lingepata mashine ya tatu isiyo na mtu wa kuiangalia.

Iliyofungwa

Iliagizwa Epson LX-350 kutoka Dar es Salaam, ikaja na basi. Ni ya pini tisa, inatengenezwa ikiwa na LPT, USB na siria kwa pamoja, na inachapa karatasi ya asili na nakala nne chini yake. Waya ni wa kawaida wa LPT, pini 25 upande wa kompyuta, 36 upande wa printa, urefu wa mita 1.8. Waya mrefu usionunuliwe kwa ajili ya kuipeleka printa mbali; zaidi ya mita tatu ule wa bei ya chini huanza kuzua herufi za ajabu.

Faili la mpangilio la awali likarudishwa, LPT1 ikaondolewa kwenye net use. Hili la pili lisisahaulike, maana kwa /persistent:yes amri inajirudisha kila kompyuta inapowashwa, na tiketi zitaendelea kuangukia kwenye faili huku printa mpya ikikaa kimya bila kosa lolote kwenye skrini.

Mpangilio wa ndani ya printa uliguswa sehemu nne. Poti ikawekwa Parallel badala ya kujichagulia, ili isipoteze muda kusikiliza USB. Kushuka mstari kwa kujitegemea kukazimwa, la sivyo kila mstari ungeruka mmoja. Jedwali la herufi likawekwa PC437, ambalo mistari ya fremu ya tiketi imeandikiwa. Kwenye jedwali lisilo sahihi fremu hugeuka herufi za Kizungu zenye alama juu yake. Na kishikio cha unene wa karatasi kikasogezwa kulingana na seti ya nakala tatu. Kikiachwa kwenye karatasi moja, utepe unapaka uchafu na pini zinaumia. Kikilegezwa mno, nakala ya hesabu inatoka hafifu. Kipimo ni nakala ya mwisho: isomeke bila kuinamishwa kwenye mwanga.

Kifunguo kilileta kikwazo kimoja cha mwisho. Printa ikiwa imezimwa, programu haikukiona. Baadhi ya vifunguo hulegea hivyo printa iliyozimwa inaponyonya umeme mdogo wa nyaya za poti. Kwenye BIOS poti ilikuwa ECP, namna ya kisasa zaidi ya LPT. Ikawekwa SPP, namna ya zamani, anwani 378, IRQ 7, na kifunguo kikaonekana hata printa ikiwa imezimwa. Miguu yake ilisuguliwa na spiriti pia, maana hewa ya bahari ilikuwa imeivika ukungu wa kijani.

Kompyuta ilipofunguliwa, betri ya CR2032 ilipimwa ikakutwa volti 2.4 badala ya 3. Kama ingekufa, BIOS ingesahau SPP, kifunguo kingepotea tena asubuhi moja, na tarehe kwenye tiketi ingerudi nyuma miaka. Ilibadilishwa, na mpangilio wa BIOS ukaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Diski ya IDE ikanakiliwa nzima kwenye diski nyingine ya aina hiyo, ambayo imefungwa kwenye mfuko na kuwekwa kwenye kabati la hesabu pamoja na faili mbili za mpangilio, ya ESC/P na ya PCL, siku LX-350 ikienda kwa fundi tiketi zitoke kwenye leza ya mtandao.